Pedali Tatu Juu ya Gunia

Asekenye hapimi pedali kwa macho.
Huisogeza sikioni kama mtu anayesikiliza saa,
akazungusha ekseli kwa kidole gumba.
Soko zima la Tororo linapiga kelele,
yeye anasikia gololi tu.
"Hii inasaga unga," asema, na kuitupa kwenye karai.

Zimebaki tatu juu ya gunia.

Ya kwanza nyeusi, nyepesi hata mkono hauamini.
Kaboni, asema, akilitamka
kama jina la mkwe asiyempenda.
Ya pili plastiki. Springi bado kali,
ila mdomo umelika upande mmoja:
mwenyewe wa kwanza alikuwa na mguu wa hasira.
Ya tatu chuma. Nzito,
imekwaruzika kila penye nafasi ya kukwaruzika,
na ukiizungusha haisemi neno.

Mimi nina kilo themanini na mbili.
Nakaa karibu na kiwanda cha saruji,
vumbi lake huingia hata ndani ya yai;
mvua ikilikuta kwenye mnyororo, umejenga ukuta.
Jumamosi naenda Mbale na kurudi.
Sitaki kitu kitakachonishusha Nabumali
nitembee na viatu vinavyolia kama kwato.

Baba yangu, Ochwo, hakuchagua pedali.
Alivusha watu pale Malaba, boda hadi boda,
kabla neno hilo halijapewa injini.
Raba ziliisha mwaka wa pili,
zikabaki fito mbili za chuma,
na nyayo zake zikachimba mfereji wa kuzipokea.
Mfereji upo hadi leo. Akivua viatu
kidole changu kinaenea humo.

Jana aliniuliza,
"Ukibanwa hivyo, askari akikujia, utarukaje?"
Nikamwambia, unapindua kisigino nje, inakuachia.
Akapindua kisigino hewani, ameketi kwenye stuli,
mara moja, mara mbili.
"Na ukisahau?"

Nikisahau naanguka. Nimeshaanguka,
kwa pedali za kuazima, kwenye foleni ya malori,
mwendo sifuri,
polepole kama mti uliokatwa na mtu mvivu,
mbele ya wanawake wa chapati.
Mmoja akauliza kama baiskeli inauzwa.

"Usiulize bei ya pedali," asema Asekenye,
"uliza kibanio chake."
Kibanio, kile cha chini ya kiatu,
ndicho kinachotangulia kufa.
Kikiisha, na kuanzia hapa mpaka Kampala
hakuna ndugu yake wa kuchukua nafasi,
una pedali nzima ya kuzuia karatasi zisipeperuke.
Anafungua kopo la maziwa ya unga:
vibanio jozi sita, vya ile ya chuma.
Vya kaboni? Anatazama pembeni.

Naishika nyepesi mara ya mwisho.
Gramu mia, labda mia na ishirini.
Baba alibeba gunia la mahindi
pamoja na mwenye gunia.

Laki moja na themanini.
Tunateremka hadi laki na nusu,
naye anaongeza grisi ndani ya kifuniko cha soda
na onyo: "Ya kushoto hukazwa kinyume.
Usishindane nayo, utaua uzi.
Masika yakiisha ifungue, ioshe kwa dizeli,
usinisubiri hadi ianze kuimba."

Nyumbani baba aliidaka ya kushoto
kabla sijatoa spana.
Akaiweka sikioni, akazungusha.
Sikumwambia kuhusu Asekenye na saa yake.
"Imenyamaza," akasema.
Akazungusha tena.
Umeme ukakatika, bado alikuwa nayo,
najua, kwa kuwa nilitega sikio gizani
na sikusikia kitu.