Usiku wa Kukata Umeme

Februari, Ashington, saa nane za usiku,
tumekusanyika watu kumi na mmoja
kuukata umeme kwa makusudi.
Mama akisikia atasema nimerogwa:
mtu aliyelelewa na mgao
avuke mabara aende kuzima taa
za watu wasiojua giza.

Hedley kaishika swichi kuu, glavu nyekundu hadi kiwiko.
Babu yake alichimba makaa chini ya sakafu hii hii.
Mgodi ulipofungwa, maji yakahamia,
yakajaa njia walizotambaa watu,
maji ya nyuzi kumi na nne, kiangazi na kipupwe,
yasiyo na mwenyewe.
Ndiyo tunayoyavuta sasa.
Yanapanda, yanapita upande wa pili wa bati,
yanapokea joto la seva bila kuzigusa,
yanakwenda kulitua kwenye bwawa la kuogelea la mji,
kisha yanarudi kulala.

Mwaka mzima nimeligombania jengo hili.
Fairlamb, mkandarasi, alitaka viyoyozi vinane.
Nikamwambia viwili, na maji ya babu yake Hedley.
Akaniita bahili.
Nikamwambia ahsante.

Nilipita na tochi, kabati kwa kabati,
nikitafuta mapengo,
maana hewa ya baridi ni mtoto mtoro:
ukimwachia upenyo, shuleni hafiki.
Kwetu, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa ukuta upo tayari, mzuri, umepakwa rangi,
na usipoziba ufa
unalipia kuupoza upepo.

Na kila kitu tumekiweka pacha.
Nyaya zinaingia kwa mashariki, nyingine kwa magharibi,
zisikutane hata kwenye shimo la barabarani.
Jenereta tatu zatosha; tumenunua nne.
Wenzangu huliandika jambo hili kwa herufi na alama ya kujumlisha.
Mimi nalijua kwa jina la koroboi.
Mama alikuwa nazo mbili:
moja ikiwaka,
ya pili imejazwa mafuta, utambi umepunguzwa, kiberiti ubavuni.
Kila Jumamosi aliiwasha ile ya pili,
akaitazama kidogo, akaizima.
Nikamwuliza, mafuta unayachezea ya nini?
"Taa usiyoiwasha," akasema, "huna."

"Tayari?"
"Tayari."
Hedley akakata.

Giza.
Feni kubwa zikashusha pumzi, zikanyamaza.
Seva hazikujua; betri zimezibeba mgongoni,
taa zao ndogo za kijani zinapepesa, zinapepesa,
kama hakuna lililotokea.
Nikahesabu kwa Kiswahili. Hofu yangu haijui lugha nyingine.
Nne. Tano.
Jenereta ya kwanza ikanguruma.
Saba. Ya pili.
Ya tatu ikakohoa,
ikakohoa tena,
basi.
Tisa. Ya nne, ile ya ziada, ile ya anasa,
ile ambayo Fairlamb alitaka kuifuta kwenye bajeti mara mbili,
ikaupokea mzigo.

Taa zikarudi. Watu wakapiga makofi.
Mimi nilikuwa natazama kipimajoto:
ishirini na nne, ishirini na sita, ishirini na tisa.
Pampu ya mgodi haikuwa kwenye betri.
Dakika nne ilikaa bubu, na sikuigundua kwenye mchoro.
Mchoro ni wangu.

Ya tatu tukaiendea kwa tochi.
Mpaka rangi alifunga bomba la mafuta
asilichafue,
akasahau kulifungua.
Rangi yenyewe ilipendeza.

Fairlamb akanijia na fomu, kalamu keshaifungua.
"Umeme haukukatika kwa wateja. Andika imefaulu,
weka maelezo madogo chini."
Alikuwa amechoka, ana mtoto mchanga nyumbani.
Nje theluji ilikuwa inaanguka kimshazari,
na Hedley kwenye simu anamwuliza mama yake,
muogeleaji wa alfajiri,
kama maji ya bwawa yamepoa.
Yamepoa kidogo, akasema. Nani kayachezea?

Nikaandika: imeshindwa.
Chini yake, kwa mwandiko wa kusomeka:
pampu ipewe betri, bomba lifunguliwe,
rudia Jumamosi.