Kushoto kwa Nani

Kazi yenyewe ni kujaza fomu.
Simu ishirini na sita, kila moja na ukurasa wake,
na kila ukurasa, mstari wa tisa: mahali pa kamera.
Shekiondo anafungua kwa bisibisi,
mimi napima kwa rula ya shule, ya plastiki,
iliyomeguka pale penye sifuri,
kwa hiyo naanzia kwenye kumi, kisha natoa.

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano.
Duka letu ni meza na mlango.
Nje mtu anamenya machungwa ya Muheza,
ganda linashuka refu, halikatiki.

Naandika: kamera ya nyuma, juu, kushoto.
Shekiondo hainui hata kichwa. Kushoto kwa nani?
Kwako unayeitazama, au kwake yenyewe?
Naigeuza simu: kushoto kumehamia kulia.
Naipindua: juu kumekwenda chini.
Kidude hiki hakina mbele wala nyuma
mpaka mtu akishike.

Lakini mwongozo upo, kurasa arobaini
tulizochapisha steshenari kwa shilingi mia mia,
nao hauna mzaha: shika kifaa wima,
kioo kikuelekee; kushoto ni huko,
na kutabaki huko hata ukikitazama mgongoni.
Basi jicho ninaloliona kushoto
naliandika kulia,
na mkono unasita kidogo,
kama unaosaini kwa niaba ya mtu.

Saa sita akaingia Bi Mwanamkasi,
miaka thelathini akipanga singa za mkonge kwa urefu,
fupi huku, ndefu kule, bila rula.
Simu yake nzima. Haina ufa, chaji inakaa.
Akaiweka mezani:
Niteremshieni hii kamera.
Iwe hapa. Akagusa katikati ya kioo.

Tukacheka. Yeye hakucheka.
Kila Ijumaa, akasema, Saumu ananiuliza kutoka Maskati:
Mama, mbona unatazama chini? Unanificha nini?
Nami namtazama yeye! Namtazama machoni!
Lakini macho yake yako hapa, tundu liko kule,
na nikilitazama tundu, yeye simwoni.
Macho hayana pazia, sawa,
ila jicho hili, nani kalitundika huko?

Nikachukua rula. Kutoka tundu hadi pale
uso wa Saumu unapokaa siku za Ijumaa:
sabini na moja, toa kumi.
Milimita sitini na moja.
Fomu ina nafasi ya umbali kutoka ukingo wa juu,
umbali kutoka ukingo wa pembeni, kipenyo, idadi.
Hiyo sitini na moja haina pa kukaa.

Shekiondo, ambaye wateja huwaambia haiwezekani
kabla hawajamaliza kusema,
akafuta mikono, akampigia Saumu
bila kuuliza bando ni la nani.
Uso ulipotokea akaubana kwa vidole viwili,
ukanywea, ukawa kama stempu,
akauburuta juu, akauegesha chini ya tundu.

Bi Mwanamkasi akaisogeza simu, akakunja paji,
maana binti yake sasa alikuwa sawa na ukucha.
Kimya. Halafu, kutoka Maskati:
Mama. Leo unaniona.
Alaa, na wewe je? akasema mama.
Mbona wewe ndiye unatazama chini.

Nikapima tena, upesi, kabla bando halijakata.
Kumi na tisa, toa kumi.
Tisa. Si sifuri;
sifuri rula yangu haina.

Simu ya kumi na nne. Mstari wa tisa.
Naishika wima, kioo kinielekee.