Ndoo ya Tatu

Kazi yangu nyuso.
Tangu saa mbili asubuhi, ofisi ya vitambulisho, Wete,
feni inazunguka kama iliyolazimishwa,
nami nasema: Inua kidevu. Vua miwani. Tazama hapa.
Mwako.
Mwengine.
Nyuso tisini kwa siku, zaidi shule zikifunguliwa.
Jioni ukiniuliza nani kapita
nitakwambia idadi.

Juzi kaja bibi wa Kizimbandani,
kanga imepauka hata jina lake halisomeki.
Fomu: Mize Kombo Shaame.
Penye kazi nikaandika "hana".
Sikuuliza. Kidole chajua njia.

Nikamshika mkono, nikauweka kiooni.
Mashine ikakataa.
Kidole cha pili, ikakataa. Cha tatu.
Taa nyekundu, na foleni nyuma inaanza kuguna.
Hutujia wengi wa namna hii,
wachambua karafuu, wasokota usumba,
ncha za vidole laini kama jiwe la kisimani,
mistari yote imekwenda na kazi.
Nikasema, bila kuinua uso:
"Bibi, nenda kaoshe mikono."

Akaigeuza, mbele na nyuma,
kama anayeikagua kwa niaba yangu.
"Mwanangu," akasema, "imeosha sana hii."

Akaenda, lakini. Bomba liko uani.
Akarudi mikono inachuruzika,
akauweka mwenyewe wa kushoto juu ya kioo,
na kwenye gumba pana kovu:
mwezi mwandamo, jino la mbuzi ya nazi.

Kovu lile nalijua.

Bopwe, miaka saba nyuma, uani kwa mama.
Pazia la shuka mbili, harufu ya kafuri,
wanaume barazani wanahesabu dhiraa za sanda.
Kazi yangu siku ile maji.
Mkono ulitoka pembeni mwa pazia, hauna mtu,
ukachukua ndoo, ukarudi ndani.
Ukatoka tena.
Niliutazama, hata kovu lake nikalihifadhi,
wala sikujiuliza kama una bega, kama una jina,
kama usiku ule ulikuta kwao kumepikwa.
Hitma ikasomwa, pilau ikaliwa,
wachimba kaburi tukawashukuru mmoja mmoja.

Lugha yetu ina werevu wake.
Mtu huona baridi. Huona njaa. Huona haya.
Haya haitazamwi, hata uwe na kamera ya serikali;
hukujia mwilini, ikakaa.
Nami nikaiona palepale, nyuma ya meza,
masikio yakaniwaka
kama mtoto aliyefumwa mkono umo kwenye sukari.

"Kazi yako, bi Mize?"
Nikafuta "hana".
Orodha ya mashine ina mvuvi, mkulima, mwalimu,
ina dereva, ina mjasiriamali.
Haina mwenye kuosha mama za watu.
Nikabaki na kialama kinapepesa
mahali peupe.

"Andika utakacho," akasema.
"Weye si wa Bopwe? Mtoto wa Chumu.
Nilikujua tangu ulivyosema kaoshe mikono,
sauti yake ile ile akichoka."

Nikamwambia, lakini siku ile ulikuwa ndani ya pazia.

"Shuka zilikuwa nyembamba.
Ndoo mbili za mwanzo ulizileta kwa mkono mmoja, mwanamme.
Ya tatu ukaileta kwa miwili,
na nusu ikamwagika njiani.
Nikawaambia wenzangu tusifanye haraka.
Nikamwosha taratibu, kwa ajili yako."

Foleni ikaguna. Feni ikazunguka.
Kidevu chake kimeshainuka,
anangoja maneno yangu ya kila siku,
nami, kidole juu ya kitufe,
sikuweza kumwambia
tazama hapa.