Fomu ya Kata

Wameleta fomu kutoka Kisumu, kurasa nne,
niijaze kata yetu kabla ya Ijumaa.

Mipaka, wanauliza.
Kaskazini ni milima ya Nandi: mvua hunyesha kule,
sisi ndio tunaolowa.
Kusini, ukuta wa Nyakach, buluu asubuhi,
saa saba mchana umeyeyuka kwa joto.
Magharibi ziwa, ambalo hatulijui ila kwa harufu
upepo ukigeuka.
Mashariki barabara ya lami, na kando yake mpunga umeanikwa
juu ya maturubai tuliyopewa mwaka juzi, mafuriko yalipotuhamisha.

Aina ya udongo.
Mweusi. Ukilowa huwavua watu viatu.
Ukikauka hupasuka, na katika ufa mmoja
Ogweno alidondosha simu,
ikalia humo chini siku mbili, watu wakiisikiliza.
Nimeandika: mfinyanzi.

Maji.
Mtoni ni ya bure. Yakipita pampu yana bei.
Mwezi wa pili stima ilikatwa kwa deni,
miche ikageuka manjano kitaluni,
na Nyando ukipita palepale, hatua thelathini,
kama jamaa tajiri asiyetoa salamu.

Ajira.
Mama alipandikiza miaka ishirini na tisa,
akilipwa kwa jaruba.
Mgongo haukurudi. Hata kanisani, wengine wakisimama,
yeye huonekana kama aliyeangusha sarafu.

Zao kuu.
Hapo niliweka kalamu chini.
Mpunga ni wetu.
Mchele ni wa mwenye kinu.
Wali ni wa hoteli na harusi za watu.
Punje ni ile ile: kila ikivuliwa nguo
hubadili mwenyewe.
Dorsila aliuza magunia kumi na mawili mwezi wa Desemba,
karo ikimsukuma, mizani ikiwa ya mnunuzi.
Machi nilimkuta soko la Ahero
akipimiwa gorogoro moja ya mchele.
Aliunusa kiganjani, akacheka bila meno kuonekana:
Huu naujua.

Waharibifu wa mazao.
Kweleakwelea. Konokono. Panya. Dalali.
Nimemfuta dalali.
Nimemrudisha.

Shule: moja.
Mpunga ukianza kuinama, darasa la sita lote
liko matutani tangu alfajiri, na makombeo na madebe,
na mwalimu Abich, ambaye pia ana shamba,
huita majina akiwa amesimama majini.

Ukurasa wa mwisho, maoni mengine.
Wametuachia mistari miwili.
Nimeandika kwamba usiku huu maji yamefunguliwa,
kwamba vyura hawamruhusu mtu kulala,
kwamba Yunia anazunguka na tochi akiziba matundu ya tuta kwa kisigino,
na kwamba mimi, karani wa kata ya mpunga,
nimekula ugali.

Mistari iliisha kwenye "tochi."
Yaliyobaki nimeyaandika pembeni, wima.