Daftari la Zamu, Kibaigwa

Mwaka wetu huanza Julai, kama wa bajeti,
na upepo ndio wa kwanza kuripoti kazini.
Unashuka kutoka Kiboriani ukipekua mabua,
unamtafuta mtu aliyesema,
"Nachoma kidogo tu, haka kasehemu."
Kasehemu kale kalikula ekari arobaini,
zizi la mzee Chilongani, na mizinga saba.
Niliandika: Chanzo, binadamu. Hasara, inakadiriwa.
Nyuki sikuwaandika. Fomu haina mstari wao.

Gari ni moja. Linabeba lita elfu nne,
likipata pa kuzichota.
Koplo Chidumizi huliegesha juu ya mteremko,
uso barabarani, maana selfu ilikufa Agosti
na barua ya selfu bado iko njiani kwenda Dodoma.
Moto ukiita, watu sita tunasukuma,
gari linakohoa, linashika,
ndipo king'ora nacho kinakumbuka kazi yake.
Wapagazi wa sokoni hucheka kwanza.
Kisha hutua magunia, nao husukuma.

Oktoba mabomba ya mji yalitoa hewa tu.
Tarehe kumi na tisa, saa kumi jioni,
muuguzi Sechelela alikuja kwa miguu kutoka zahanati:
wajawazito watatu, ndoo moja, nayo ina tope.
Inspekta alitazama gari, akatazama anga,
akaingia ofisini, akafunga mlango.
Mlango uliofungwa nao ni amri.
Koki niliifungua mimi.
Elfu mbili zikaenda, nikilisikia gari likiwa jepesi.

Saa tano usiku likaungua ghala la alizeti.

Sitasema mengi. Alizeti huungua kwa mafuta yake yenyewe;
mji mzima ulinuka kama jiko la maandazi,
watoto wakaamka na njaa.
Maji yetu yalidumu dakika tisa.
Mpira ulilegea mikononi mwangu,
na nyuma yetu sauti zilezile za miaka yote:
"Zimamoto gani hawa, wamekuja kuota moto!"
Jiwe la kwanza lilivunja taa ya kushoto.
Taa hiyo nayo tumeiandikia barua.

Januari maji yalikuja yote, bila kuombwa.
Korongo lilibeba daraja la miti, mbuzi, choo cha shule,
na kijana wa bodaboda aliyedhani atavuka.
Tulimtoa kwa kamba, ameng'ang'ania mgunga.
Neno lake la kwanza: "Pikipiki si yangu."

Aprili alikuja Mama Nyemo, mwenye ghala.
Benki inataka ripoti, na muhuri wetu juu yake.
Alikaa kwenye benchi la mapokezi, mikono magotini,
nikamsomea: Chanzo, hitilafu ya umeme.
"Hapo sina neno," akasema.
"Andika na maji yalikuwa wapi."
Kalamu ilikataa; niliitikisa.
Lita elfu mbili: zahanati, wodi ya wazazi.
Alisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya maneno.
"Alizaliwa nani?"

Sikujua. Miezi sita, na zahanati iko mita mia tatu,
sikuwahi kwenda kuuliza.
Alikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.
"Basi nitauliza mimi." Akatoka, akashika njia ile,
si ya benki.

Juni tumefunga daftari.
Waliookolewa, waliokufa, mifugo, mali,
kila idadi imekaa kwenye kisanduku chake.
Selfu haijaja.
Majani ya njia ya Kongwa yameanza kubadilika rangi,
na asubuhi hii Chidumizi ametuita tena,
tulisogeze gari hatua mbili zaidi,
pale mteremko unapokuwa mkali.