Mistari ya Mkaa

Ukuta wa Mwajabu, Kigogo, una mistari ya mkaa.
Huu wa chini, mvua zilizolowesha mkeka tu.
Huu usawa wa goti, mwaka cherehani ilipokunywa tope.
Huu wa juu kabisa sikuuliza.
Maji yakifika pale, mtu haulizi.

Nimekuja na kompyuta ya kuazima chuoni
na futi kamba ya fundi.
Kumi na nane. Arobaini na moja. Tisini na sita.
Pembeni nikaandika mvua iliyonyesha Pugu siku zile,
maana Msimbazi hauleweshwi na mawingu ya hapa.

Nukta zikatawanyika kiooni.
Nikapitisha katikati mstari ulionyooka:
haukugusa hata moja,
umezikosea zote, kidogo kidogo, kwa haki.
“Pugu ikinyesha milimita sabini,” nikasema,
“hapa maji ni sentimita hamsini na mbili.”

Mwajabu akaendelea kuchambua mchele.
“Na nukta mbili, au tatu?
Mwanangu, mimi nataka kujua nilale au nisilale.”

Kweli. Kuna kutabiri kiasi,
na kuna kutabiri upande.
Nikachora mpaka: huku kulala, huku kubeba godoro.

“Mimi hujiuliza,” akasema. “Pugu kumenyesha?
La, nalala. Ndiyo: bahari imejaa?
La, unga juu ya kabati. Imejaa: namwamsha mtoto.”
Darasani tunauita mti.
Wake umeota bila mwalimu.

“Na ukiwa na shaka?”
“Nachungulia kwa Mama Pili, kwa Zuberi wa redio,
kwa yule Mngoni wa kona.
Wawili wakifunga mizigo, nami nafunga.”
Majirani watatu wa karibu, kura ya wengi.
Nilifanyia mtihani swali hilo. Nilipata B.

Kwa kiburi nikamwonyesha mkunjo mwingine,
unaopanda, unaoshuka, unapita kila nukta bila kukosea.
Akautazama sana.
“Huyu amekariri,” akasema.
“Swali likigeuzwa atatoa macho.”

Ndipo akaona kidole changu juu, kwenye tisini na sita.
“Huo nao umeuandika?”
“Ndio mkubwa kuliko yote, pole sana.”
Akacheka mpaka ungo ukamwaga mchele.
“Huo si wa maji! Nilimpima Sikujua,
siku alipotimiza miaka minne.
Alisimama kwa vidole, mwizi yule.”

Nikaifuta nukta.
Mstari wote ukashuka, kama mtu aliyepewa kiti,
na hamsini na mbili ikawa thelathini na moja,
na mpaka wa kulala ukasogea.

Sikujua alirudi shule saa kumi,
begi begani, soksi moja imeshuka.
Akasimama ukutani bila kuambiwa.
Mwajabu akaniachia mkaa.
Nikaandika kwanza jina,
kisha nikachora.