Utepe wa Bibi Shushanik

Saa nane za usiku Gyumri hulala na soksi,
baridi inagonga bati kama mdai.
Dada yangu Arpine hajalala.
Kompyuta imemwangaza kidevu,
nami chini ya mablanketi matatu
nasikia vidole vyake vikitafuta.

Anatafuta nafasi. Si nafasi ya kukaa,
ingawa humu tunapishana kwa ubavu
na anayetaka kugeuka kitandani huaga kwanza.
Anatafuta nafasi ya kusoma huku akilipwa:
miaka minne ya uzamivu, bima, mshahara,
na maabara yenye ile meza ya chuma
inayojua kuigiza tetemeko.

Bibi alipopewa kijumba hiki cha bati
aliambiwa, miaka miwili tu, mama, vumilia.
Sisi tumezaliwa humu.
Miaka miwili ile bado haijaisha.
Ndiyo maana dada hachoki kuuliza
kwa nini jengo moja lilipiga magoti
na jirani yake likabaki wima,
ilhali saruji ilitoka gunia moja.

Ana jedwali lenye rangi.
Njano, anangoja. Nyekundu sizihesabu tena.
Trondheim: imejazwa.
Torino: tarehe ilipita juzi.
Pengine profesa alishastaafu, tangazo limebaki
kama koti la marehemu kwenye msumari.
Na wale waliosema aje na ufadhili wake mwenyewe!
Dada alicheka hadi birika likatikisika:
"Wamenialika karamuni, nije na chungu changu."

Kuna siku aliwaandikia kumi na wanne barua ileile,
akibadilisha jina la juu tu.
Ya Zurich ikaenda ikimsalimu mtu wa Aachen.
Alijifunika gubigubi mchana kutwa.
Bibi akasema, hata mimi niliwahi kushona
koti lenye mikono miwili ya kushoto.
Fumua.

Akafumua.
Akawasoma mmoja mmoja, kamusi magotini,
akaandika kidogo, swali moja,
akaambatisha vipimo vya nyufa za shule yetu ya zamani,
Jumamosi baada ya Jumamosi, majira mawili ya baridi,
barafu ilivyoingia ukutani na kutoka.

Jana Graz imejibu. Mistari mitatu.
Profesa Edeltraud Kofler hakusema ndiyo.
Alisema fedha ameziomba, jibu ni Mei,
na huenda akanyimwa.
Kisha: Vipimo vyako nimevipenda.
Ulitumia kifaa gani?

Tangu magharibi Arpine amekaa na swali hilo.
Anaandika "kifaa cha kidijitali". Anafuta.
Anaandika "kifaa cha kawaida". Anafuta.
Bibi, tuliyedhani amesinzia,
anatoa mfukoni mwa aproni
utepe wa ushonaji, wa manjano, uliopauka,
anaulaza juu ya vibonye.

"Mwambie huu. Na usimfiche
kwamba sentimita mbili za mwanzo nimezifuta kwa kidole gumba,
miaka arobaini ya viuno vya watu.
Ulianzia ya tatu, ukapunguza."

Herufi zinashuka moja moja.
Halafu kimya, kuni zinatulia jikoni,
halafu mlio mdogo wa kitu kilichotumwa.
Mimi nageukia ukuta
bila kumwaga mtu.